Mpira wa Helikopta

Ruashi, Machi 1984

Yaya Amadi, kaka yangu huko Liège,

Mama amepona macho. Helikopta ndogo ya kuongozwa kwa redio uliyoniachia imekufa.

Aliyeiua ni Citoyen Alimasi, aliyekuja kuniposa. Aling'oa ndani ya tangi mpira laini wa kunyonya benzini uliouchagua, ule wenye chuma kizito mwishoni, unaoifuata popote tangi linapoinama. Akatia wa plastiki, mgumu kama msumari. Niliponong'ona kwamba utavuta hewa, alicheka: "Mutoto mwanamuke, weye unajua nini mambo ya moteri? Mupira ni mupira!"

Alipoirusha, helikopta iliinama mara moja tu, ikazimika, ikaangukia paa la jirani. Akasema ni upepo. Hakuna jani lililotikisika, yaya. Mwanaume mzima anasingizia upepo!

Kisha wazee wakaniuliza kama nimemkubali. Unajua kwetu msichana akinyamaza amekubali, na mimi unanijua nilivyo na haya. Alimasi alishaanza kutabasamu, kana kwamba haya yangu ni jibu lake.

Nikasema, "Hapana." Baba akadhani hakusikia vizuri. Nikasimama, nikarudia mpaka jirani akasikia.

Tangu hapo baba hasemi nami. Mwandikie wewe, yaya. Mimi nimeshasema.

Mdogo wako,
Rabia