Bibi yangu amemaliza wimbo ulionishinda

Mama Lucie, wewe unayetusomea barua redioni kila Jumamosi, naomba hii yangu uifikishe mwisho hata kama utanicheka, kwa sababu naiandika nikiwa bado nimeshituka, na sina muntu mwingine wa kumuuliza, maana marafiki zangu wote wanaucheza huo wimbo.

Jina langu ni Urbain, nakaa Kataki hapa Kalemie, natengeneza simu na redio sokoni, na nina bibi, mke wangu Evodie, anayesuka watu nywele mbele ya nyumba yetu, pamoja na watoto wawili. Mwaka jana nilipata ordinatere, kompyuta iliyotumika, na ndani yake kulikuwa na programu ya kutengeneza muziki, ule wa mashini ambao vijana wanaucheza kwenye sherehe, ngoma na besi na sauti za ajabu bila mupiga gitaa wala nani, na mimi ambaye sijawahi kushika chombo chochote cha muziki nikajikuta nakipenda kitu kile kuliko chakula. Nilienda mpaka gare ya treni kurekodi mabehewa yakigongana, nikaikata ile sauti vipande, nikaipanga, ukatoka mdundo muzuri sana, hata Evodie aliacha kichwa cha muteja akaja kusimama mlangoni asikilize.

Basi Mama, shida ilianzia hapo, kwa sababu mwanzo nilikuwa nao na mwisho haukuja. Kila jioni nikitoka sokoni naketi, nausikiliza ule mwanzo, nabadilisha ngoma moja, nairudisha, natafuta sauti nyingine, kisha nasikiliza nyimbo za wale wa Kinshasa, na nikirudi kwa yangu naiona ni ya mutoto anayegonga sufuria, basi nafuta, naanza upya, na kila nilipofuta nilikuwa nasema "Haiko bien", yaani haiko vizuri, hata sijui kama nasema, na mikro ilikuwa inarekodi kwa sababu nilikuwa nasahau kuifunga. Evodie alikuwa ananiambia nimalize tu, hata vibaya, nami namujibu kwamba hajui muziki.

Mvua zilipoanza nikapata kazi mbali, kule Bendera, kuvuta nyaya za umeme kwenye nyumba za wafanyakazi, nikaiacha ordinatere nyumbani nikisema labda kichwa kitapumzika. Kule simu inakamata kwa shida, kwa hiyo tulikuwa tunaongea kidogo tu, watoto wazima, chakula kipo, na Evodie hakunigusia neno lolote kuhusu muziki.

Siku ya kurudi, lori lilitushusha karibu na soko, nikapanda pikipiki kwenda nyumbani, nikiwa na furaha yangu ya muntu aliyekosa familia yake kwa siku nyingi, na tulipokaribia terrasse moja ambako watu wanakunywa mchana nikasikia mabehewa yangu. Nilimwambia dereva asimame. Ule mdundo ulifika mahali ambapo mimi nilikuwa nakwama, nikangoja ukatike, haukukatika, ukapita, ukaingia besi, zikaingia sauti za wanamuke wakicheka, na watu wameacha viti wanacheza, nami nimekaa juu ya pikipiki. Halafu muziki ukanyamaza ghafula, na ndani ya ule unyamavu ikatoka sauti ya mwanaume aliyechoka, ikasema, "Haiko bien". Terrasse yote ikaitikia vilevile, mikono juu, na ngoma zikarudi.

Mama Lucie, ile sauti ni yangu. Sijui kama umewahi kusikia sauti yako ikitoka kwenye bafle, zile spika kubwa, za watu usiowajua, ikisema neno ulilokuwa unalisema peke yako chumbani ukiwa umeshindwa, lakini mimi niliona kama nimevuliwa nguo katikati ya soko. Nikamuuliza dereva huo wimbo ni wa nani, na yeye alikuwa anautikisia kichwa.

"Ni wa Mama Evodie, yule anayesuka kule Kataki," aliniambia. "Lakini huyu mwanaume anayelalamika ndani, njo anachekesha watu kabisa."

Nikamwambia aondoe pikipiki. Nilifika nyumbani, Evodie akatoka mbio kunipokea, uso wake umejaa furaha, akasema alitaka nikute jambo jipya, na mimi sikumusalimia, wala watoto sikuwasalimia, nilimuuliza ni mwanaume gani alimusaidia. Akashangaa. Akasema hakuna, alikuwa anaangalia mikono yangu kutoka mlangoni zile jioni zote, na pale asipojua alijaribu mpaka ikakubali. Nikamuuliza alijuaje wimbo unaishia wapi, mimi ambaye nimeutafuta huo mwisho mpaka nikakonda. Alinijibu taratibu, wala hakuwa ananidharau.

"Muntu nikianza kumusuka, hawezi kurudi kwake na nusu ya kichwa. Nilifika mwisho, nikaacha."

Badala ya jibu nikashika hasira. Nilichomoa ordinatere nikaipeleka kwa rafiki yangu Jordan, niliporudi nikamwambia Evodie kwamba kama yeye sasa ni mwanamuziki basi akaolewe na mashini. Asubuhi yake alifunga nguo za watoto akaenda kwa baba yake, kule Lubuye, na njo huko yuko hata leo.

Sasa Papa Jean-Baptiste, baba yake, ametuma niende Jumapili baada ya misa, nieleze mbele ya wazee wa pande zote mbili bibi yangu amenikosea nini. Nimejaribu kuyapanga maneno. Nitasema alichukua kitu changu? Ordinatere ilikuwa ndani ya nyumba yetu. Nitasema alinitia aibu? Wataomba kuusikia wimbo, na mimi najua kitakachotokea, wataanza kutikisa vichwa. Nikasema basi nitengeneze wangu mwenyewe kabla ya Jumapili, nikatae hiyo aibu, nikaenda kwa Jordan nikaketi mbele ya mashini, na hapo ndipo nilishituka mara ya pili, kwa sababu zamani angalau mwanzo ulikuwa unakuja, sasa hata mwanzo hauji, naweka ngoma moja naiangalia kama nimekutana na muntu nisiyemujua. Niambie Mama, Jumapili niseme nini, na hiki kichwa kitafunguka namna gani?

Urbain, Kataki.

Urbain mwanangu,

Barua yako nimeifikisha mwisho kama ulivyoomba. Nimecheka, sikufichi, na nikaacha kucheka nilipofika pale ambapo baba anarudi safari hasalimii watoto wake. Hapo ulinishitua kuliko wewe ulivyoshituka kwenye terrasse.

Nianze na haki yako, maana ipo. Sauti ya mtu si ya kutolewa nje bila kumuuliza. Evodie alipaswa kukuuliza, hata kama simu ya Bendera inasumbua, na hilo nimemwambia mwenyewe. Ndiyo, nimeongea naye. Nilipokupigia kuomba namba yake ulinipa bila kubishana, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba bado una akili. Yeye ameniruhusu kusema hewani haya unayosikia sasa.

Unadhani Evodie alifungua ile mashini ili akuonyeshe kwamba muziki ni rahisi. Sivyo. Aliniambia kwamba ulipoondoka nyumba ilikuwa kimya mno, watoto wakilala hasikii kitu, na siku moja akakumbuka kwamba mikro yako ilikuwa haifungwi. Alikuwa anakutafuta wewe humo ndani, Urbain. Akakukuta unakohoa, unavuta kiti, unasema yale maneno yako.

"Nilitaka kumusikia tu," aliniambia. "Nikapanga ngoma pembeni yake, nisikie kama yuko na watu, asiwe peke yake."

Mteja wake mmoja aliusikia wimbo akiwa anasukwa, akauomba kwa ajili ya kaka yake Delphin, anayepiga muziki kwenye sherehe, na kutoka hapo ulitembea wenyewe. Evodie alimwambia Delphin kwamba mdundo ni wa mume wake na sauti ni ya mume wake. Watu walishika jina la yule waliyemwona. Kwa hiyo ile aibu unayoibeba mjini, hakuna aliyekutwisha.

Kuna jingine, na hili likushitue vizuri. Evodie amekwama. Alianza wimbo wa pili ukiwa bado Bendera, ana mwanzo, hana mwisho. Yule wa kwanza aliufanya bila kufikiria atakayesikia, ila huu wa pili, kila akiweka sauti anawaza kama watu wa terrasse wataupenda kama ule. Alikuwa anangoja urudi akuulize. Ukarudi, ukamtuma akaolewe na mashini. Ulidhani unamnyang'anya mshindi kombe lake, kumbe ulimfungia mlango mwanafunzi mwenzako.

Maana wewe ni mwanafunzi, Urbain, kubali neno hilo lipite kooni. Umeanza mwaka jana. Unakaa unajipima na watu wa Kinshasa ambao wamezeeka katika kazi hiyo, kisha unafuta, na unaita kufuta huko kupenda kazi nzuri. Ni woga. Wimbo usioisha hakuna anayeweza kuusema vibaya, ndiyo maana hauishi. Na kule kwa Jordan hukuketi kutengeneza muziki, uliketi kumshinda mke wako. Nani anaweza kutunga akiwa amekunja ngumi?

Sasa shika haya. Ukikaa kufanya kazi, nyimbo za watu wengine zizime kabisa, utazisikiliza siku nyingine kwa raha yako. Chukua sauti chache tu, hayo mabehewa, ngoma, besi, na usiende kutafuta nyingine mpaka wimbo uwe na mwisho. Ukikwama katikati, ruka, tengeneza sehemu ya kumalizia, halafu rudi uziunganishe. Usifute. Kisichokupendeza kiweke kando, kesho masikio yako yatakuwa mengine. Wimbo ukiisha, hata ukiwa mbaya, mpe mtu asikilize kabla hujauhukumu wewe. Kibaya kilichoisha kitakufundisha kitu, na mianzo yako yote ile mizuri imekufundisha nini mpaka sasa? Na mikro ifunge ukimaliza kurekodi, isipokuwa mke wako akikuomba uiache wazi.

Evodie, najua unasikiliza. Wimbo wowote wenye sauti ya Urbain usitoke nyumbani kabla hajakubali, na mwambie Delphin ataje majina mawili, kila mahali anapoupiga. Ulisema kwangu kwamba utarudi nyumbani endapo atakuja mwenyewe, si kwa kutumwa wala kwa kusukumwa na wazee. Nimemfikishia.

Urbain, hotuba unayoipanga iache. Huna mashitaka, na wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana maneno hayapangiki. Leo hii, ukizima redio, nenda kwa Jordan ukachukue ordinatere. Kesho usingoje misa iishe ndipo ujivute kwenda Lubuye, wahi, wasalimie watoto kwanza, kila mmoja kwa jina lake. Wazee wakishaketi, usikalie kiti cha mlalamikaji. Nenda moja kwa moja kwa Evodie, mkabidhi mashini mbele yao wote, umwambie ulishituka ukafanya vibaya, na kwamba unaomba akusikilizishe huo wimbo wa pili, pale alipokwama yeye. Papa Jean-Baptiste ataona mwenyewe kama bado kuna kesi.