Kisu cha Mzee Hamdani

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisaidie maana roho inanisuta. Mimi ni mwanakwaya wa hapa Buzebazeba, na jirani yangu ni Mzee Hamdani, ambaye tangu niolewe ndiye anayetuchinjia kila tukiwa na shughuli ili majirani zetu Waislamu nao wale, lakini juzijuzi nilitumiwa kwenye simu mahubiri ya mtu nisiyejua hata kanisa lake, anafoka kwamba nyama iliyochinjwa na Mwislamu ina laana, nami bila kumuuliza padri wala mume wangu nikaamini, siku ya kipaimara cha mwanangu Noel nikamwita shemeji achinje, na kama hiyo haitoshi nikajirekodi kwenye kundi la kwaya nikisema, "Jamani tujihadhari na watu hawa, tusile kilichopita mikononi mwao."

Majirani Waislamu walikuja, wakampongeza mtoto, wakanywa soda, wakaondoka. Padri alipofika kubariki chakula akauliza, "Mzee Hamdani mbona leo simwoni?" nikamjibu anaumwa. Kumbe sauti yangu ilishafika mpaka Katonga, na sasa wanakwaya wenzangu wanampita mkewe, Mama Rehema, kama hawamjui, maandazi anayouza anarudi nayo nyumbani beseni limejaa. Nilipokutana na mzee njiani nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, kisha akasema, "Mama Noel, ungeniambia mimi kwanza," akaenda zake. Nimelia sana. Binti yangu Happiness anaolewa hivi karibuni na natamani tuwe kama zamani, je, nimpelekee mzee zawadi kimyakimya yaishe?

Winfrida, Buzebazeba

Mama Noel, pole, naona unajuta kweli. Ila zawadi ya kimyakimya, hapana! Kumchafua ulimchafua mbele ya kundi zima, kuomba radhi unataka kupitia uani? Mtu amewachinjia miaka yote hiyo hamjaugua hata tumbo, anakuja wa kwenye simu asiyejua Buzebazeba iko wapi, unamwamini yeye. Na padri naye ukamdanganya, tena siku ya kipaimara!

Anza kwa padri. Mweleze ukweli, pamoja na ule ugonjwa uliomzulia mzee, na umwombe awaambie waumini kanisani kwamba maneno yale si mafundisho yenu. Kisha jirekodi tena, kwenye kundi lile lile, useme ulimsingizia jirani yako. Kufuta ile ya kwanza hakusaidii, wameshaisikia. Asubuhi nunua maandazi ya Mama Rehema wenzako wakikuona, uyale hapo hapo. Ndipo uende na mumeo kwa mzee, mkae, uombe radhi, na habari ya harusi uiache kwanza.

Sijui kama atakusamehe, na huna haki ya kumharakisha. Siku utakayomwomba achinje, akikataa, usimsumbue, wala usimwite tena shemeji achinje. Pika migebuka na maharage. Ziwa hilo hapo, na samaki hana haja ya kisu cha mtu. Angalau safari hii hakuna jirani atakayetoka kwako na soda tupu tumboni.