Mlango wa Gari la Wagonjwa

Jumatatu, 3 Machi

Mlango umefunguka tena! Mara ya tatu sasa. Mzunguko uleule wa ofisi ya maji, asubuhi, gari limejaa, watu kumi na mmoja wanakwenda kusafishwa damu hospitali. Mimi nilikuwa namsindikiza mama mkwe tu. Yeye hukaa kiti cha mlangoni kwa sababu mguu wake haupandi mbali. Ghafla upepo huo! Lami inapita chini ya viatu vyake, na mkoba wake uko njiani unabingirika. Yeye akasema tu: "Mkoba wangu, jamani."

Mume wangu, ndiye dereva, akasimamisha gari, akaokota mkoba, akauliza nani hakufunga vizuri. Mimi! Mimi ndiye niliyefunga, tena kwa mikono miwili, na nilisikia ta-ta. Mara mbili. Kitasa cha mlango ule wa kuvuta kikishika sawasawa kinalia mara mbili, hata mtoto anajua. Akasema eti nafunga mlango wa gari kama mlango wa kabati. Haya bwana.

Lakini mbona mara zote tatu ni wakati wa kwenda? Kurudi haujawahi kufunguka hata siku moja. Barabara ileile, mzunguko uleule, dereva yuleyule. Nimelifikiria hili siku nzima kazini mpaka nimeshona mto wa kiti kinyume. Nimeufumua.

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Nimelazimisha kwenda na mume wangu. Fundi huyu mimi namwita Fundi Hakuna, maana kila anachoulizwa jibu ni hakuna tatizo. Akafungua mlango, akaupiga teke, akaufunga. Akazunguka na gari mtaa mzima, muziki juu, akafunga breki mpaka matairi yakalia. Karudi. Hakuna!

Mwenzangu alifurahi kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Gari hili analiita Bi Mkubwa na hataki lisemwe vibaya. Analifuta vumbi kabla hajanawa uso.

Jumatano, 5 Machi

Leo mlango umetulia. Ila nesi ameniita pembeni. Mkono wa kushoto wa Mama, mkwe wangu, ule wenye mshipa wa mashine ya kusafishia damu, umevimba. Akaniuliza kama ananyanyua vitu vizito nyumbani. Havinyanyui! Hata kikombe namletea mimi. Nesi akasema mkono huu usikazwe, usivutwe, mshipa ukiziba hakuna pa kumsafishia damu, na kutafuta mwingine kwa umri wake ni kazi.

Nilipomuuliza Mama akaanza kusifia viatu vya nesi. Hapa kuna jambo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelijua.

Nilipanda mapema, nikajifanya nasinzia. Mwenzangu kabla ya kuwasha gari akageuka na kusema taratibu: "Mama, tayari?" Na Mama akapitisha mkono chini ya mtandio, akaushika mshikio wa mlango na kuuvuta kwake. Mkono wa kushoto! Dakika arobaini hivyohivyo, huku anapiga soga na mzee wa posta, yule mstaafu anayekaa nyuma yake. Jumatatu aliachia kidogo tu, anatafuta miwani.

Tangu Januari! Aliambiwa na mwanawe kwamba hiyo ndiyo kazi ya abiria wa kiti kile. Na hana kinyongo, anajisikia. "Mimi ndiye komeo la gari hili," akaniambia, anacheka. Sikucheka.

Nyumbani nilimwaga yote. Kumbe ulijua! Ukanitukana mimi na kabati langu! Akasema: fundi anasema mzima, nikienda hospitali nikasema mbovu wataliondoa gari kazini siku hiyohiyo, na hawa watu watakwenda na nini? Yupo anayebebwa kutoka kitandani. Yupo asiyeweza kusimama kituoni dakika tano.

Si mtu mbaya. Ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningejua la kumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Kazini leo, Mungu ana mambo yake. Mwalimu mkuu wa chekechea kaleta gari lake nibadilishe vitambaa vya viti. Ni ndugu na letu, mtengenezaji yuleyule, miaka ileile. Nainama kufungua kiti cha mlangoni, naona kamba ya watoto ya kuruka imefungwa mguuni pa kiti, na ncha ya pili, inayofungwa kwenye mshikio wa mlango, imeukwaruza mpaka rangi imetoka.

Nikauliza ya nini. Aliona haya! Mwalimu mzima, anatazama chini. Akasema anadhani ni yeye peke yake aliyenunua gari bovu, hakutaka wazazi wajue. Na gereji je? Gereji walisema hakuna kitu. Ulikwenda na kamba? Hapana, huifungua kwanza, asionekane mtu ovyo. Na watoto? Nao huwaacha shuleni, utapelekaje watoto gereji!

Akanielekeza kwa dereva wa kwaya, gari lake pia ni la aina hii. Nikampigia. Gereji naye aliambiwa hakuna kitu, ila yeye hana kamba. Ana mwimbaji wa sauti nzito, kilo mia na kitu, huyo humketisha mlangoni na kumwambia aegemee. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Halafu kicheko kikaniisha.

Watu watatu, hakuna anayejua la mwenzake. Kila mmoja anaficha. Na wote watatu wanakwenda gereji na gari tupu!

Jumapili, 9 Machi

Kurudi huwa tuko watano au sita. Wengine huchukuliwa na ndugu zao kulekule hospitali. Wakati wa kwenda ndiyo tumejaa. Nilikuwa na jibu tangu Jumatatu na sikuliona, mjinga mimi.

Nikachukua chaki yangu ya bluu ya kuchorea vitambaa. Nikaipaka kwenye ndoano ya kitasa cha gari letu, nikafunga, nikafungua. Ndoano ikaacha alama kwenye kile chuma inachokishika: katikati barabara. Gari tupu.

Kisha nikawaomba wanakwaya baada ya mazoezi. Walidhani nina wazimu, lakini wakapanda, kumi na wawili, wanaimba. Nikafunga. Ta-ta. Nikafungua. Alama imepanda hadi ukingoni kabisa! Ndoano imeshika upana wa ukucha tu. Nikawashusha sita: alama ikashuka nusu. Nikawapandisha: ikapanda. Nikarudia mara nne, si kwa lazima, kwa utamu tu wa kuona.

Nikamwita mwenzangu. Nilitegemea ugomvi. Akachuchumaa, akaweka ukucha wake pale, akatazama muda mrefu. "Kwa hiyo sakafu inalala," akasema. "Tukijaa inalala, na chuma kinashuka nayo." Akaniuliza ingekuwaje kwa watu wanane. Tukapima wanane! Tulikuwa tumepiga magoti wote wawili, bluu mpaka puani, na kwa nusu saa nilimpenda kama zamani.

Jumatatu, 10 Machi

Mama amekaa katikati leo, wanaume wawili wamempandisha. Kanuna, anasema amefukuzwa kazi. Kiti cha mlangoni nimekaa mimi, mikono miwili kwenye mshikio, na kwenye mzunguko niliusikia mlango unavuta. Unavuta kweli! Mabega yananiuma hadi sasa.

Baadaye ofisi ya ukaguzi wa magari. Mkaguzi ni bibi mmoja mkavu, penseli sikioni. Nikamtolea kitambaa nilichochorea alama zote kwa vipimo. Alivikagua, akauliza nimesomea wapi. Nikasema nashona viti. Akasema angalau kuna mtu anayetazama.

Utaratibu wao: mwenye gari mmoja akiripoti, au wawili, ni malalamiko. Wakifika watatu wa aina moja, faili linafunguliwa na magari yote ya aina hiyo yanaitwa. Yako arobaini kwenye daftari lake. Lakini anayeweka sahihi, gari lake linasimama saa hiyohiyo mpaka likaguliwe likiwa na mzigo. Na sahihi lazima iwe ya aliyeandikishwa. Yaani mwenzangu, si mimi. Amenipa fomu tatu.

Arobaini. Wengine wanafungia nini? Mishipi? Wajukuu?

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu amesaini, watoto wanatembea na wazazi. Kwaya wamesaini. Fomu yetu iko juu ya friji.

Jumatatu usiku mwenzangu alisema: baada ya Jumatano. Leo anasema: baada ya Ijumaa. Nimepiga simu hospitali mwenyewe, gari lao la akiba litapatikana Jumatatu, si kabla. Kwa hiyo hasemi uongo. Nikasema tuwapeleke nusu nusu, safari mbili. Akanionyesha: kundi la pili litafika saa tatu na mashine zitakuwa zimeshapewa wengine. Mtu akikosa Ijumaa, anakaa mpaka Jumatatu na maji yamejaa mwilini.

Nimeitazama ile fomu sana. Ingekuwa kalamu ni yangu ningefanya nini? Sijui! Nasema ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma.

Mama alikuwa anatusikiliza mlangoni. Kauliza swali moja: hao wengine garini wanajua?

Ijumaa, 14 Machi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Niko getini kwetu, wanapopandia wote, naandika ili nisiseme.

Kumi wameshapanda. Mama hajapanda. Amesimama mbele ya mlango na mkono wake wa bandeji, akawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza habari za soko: mlango huu haushiki tukijaa. Mimi nimeushika tangu Januari. Karatasi ya kuusema iko juu ya friji, na ikisainiwa gari halitoki leo. Nimeona mjue, damu ni zenu.

Mwenzangu alisema, "Mama, tafadhali." Akamjibu, "Mwanangu, niache nimalize." Alikuwa ameshamaliza.

Yule binti mdogo kuliko wote, mwenye mtoto nyumbani, akasema yeye hawezi kukosa leo, miguu imeshavimba. Mwingine akasema twende tu, tushikane mikono. Mwingine akaanza kuhesabu tuko wangapi na nani alisafishwa vizuri Jumatano. Mzee wa posta yeye aligeukia kwa dereva. Akamuuliza mwenzangu: "Wewe ulijua tangu lini?"

Nilidhani atasema jambo la fundi. Akamtazama Mama, mkono ule.

"Tangu Januari," akasema. Kwa sauti, wote wasikie.

Kisha akaingia ndani na kurudi na fomu. Akaja kwangu akaninyang'anya kalamu, kwa hiyo huku naandika kwa chaki, mtanisamehe. Nani anisamehe, naongea na nani?

Ameiweka fomu juu ya boneti. Ameinama. Kutoka hapa sioni kama anaandika au anasoma. Binti analia polepole. Mama amekaa kwenye ngazi ya nyumba na hataki kunitazama. Saa kumi na mbili na dakika arobaini sasa, mashine zinaanza saa moja na nusu.

Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyefunga mlango.