Baba wa Heshima wa Xiaoman

Shiqiao, Hunan

Dada yangu mpendwa Caiyun,

Nakusalimu kwa mapenzi. Hujambo huko Dongguan, na kile kifua kimepoa? Sisi huku tunapumua. Xiaoman ameota meno mawili, akicheka utadhani sungura.

Dada, habari za kiwanda chetu cha tambi umezisikia, lakini si zote. Tulipotaka kibali cha boila, lile pipa la mvuke wa kupikia tambi, mume wangu Dezhong alisema bila mtu wa ndani tutazeeka tukisubiri. Basi tukamwomba mkaguzi, Bwana Tao, awe baba wa heshima wa mtoto. Tulimpelekea kuku na pombe, nikamwinamisha Xiaoman mbele yake, naye akamvika cheni ya fedha. Wewe unajua, mtu akishaitwa baba na mwanao, hakudai karatasi tena. Siku ya ukaguzi alikula tambi mabakuli mawili. Nikamwuliza, kaka, boila huiangalii? Akacheka, akasema, "Shemeji, nikague nyumbani kwa mwanangu? Unanifukuza nini?" Dezhong akanikanyaga mguu chini ya meza.

Boila ile ndiyo iliyolipuka. Shangazi Gu, jirani aliyekuwa akitukorogea unga huku kambeba Xiaoman mgongoni, siku hiyo hakumbeba. Mvuke ulimuunguza uso na kifua. Hakufika jioni.

Baada ya mazishi Tao alikuja, akataka sote tuseme yule bibi alifunga mwenyewe vali ya kutolea mvuke kwa uzembe. Eti marehemu hawezi kufungwa jela, sisi tunaweza. Akampakata Xiaoman, akamwuliza, "Haya niambie, utamsaliti baba yako?" Mtoto akamchekea. Dezhong akakubali. Mimi nikammiminia Tao chai.

Kisha binti yake Gu akaja. Hakulia. Aliuliza tu kama kweli mama yake alikuwa mzembe, maana sokoni wanamsema hivyo.

Dada, kabla hujasikia kwa Mama, sikia kwangu. Ni mimi niliyesema. Nilimwambia vali ilikuwa na kutu tangu tulipoinunua boila na hakuna aliyeitazama. Nikaongozana naye, nikayasema hayo hayo kwa wachunguzi. Tao na Dezhong wamechukuliwa wote wawili. Mama mkwe hanisemeshi, na majirani wananiita muuza mume.

Jana nilimpelekea Dezhong blanketi. Mlinzi alirudi nalo, akasema mwenyewe amelikataa. Nitalipeleka tena Jumatatu. Huko ndani kuna baridi, na yeye miguu yake haipati joto upesi.

Nisalimie shemeji na watoto. Xiaoman anamwamkia mama yake mkubwa.

Mdogo wako akupendaye,
Caixia