Neno Nyuma ya Kitabu cha Kliniki

Munyaka, Eldoret
Oktoba 20, 2024

Ndugu yangu Kituyi,

Pokea salamu zangu na za mwanangu Wakoli, ambaye sasa anajifunga kamba za viatu mwenyewe. Kile kifua chako kilipona? Sisi tunapumua, Mungu hajatuacha.

Nimepata ujumbe wako kwamba mnunuzi wa shamba letu la Soy atakuja Jumamosi, na kwamba kinachobaki ni sahihi yangu tu. Unasema ekari mbili za mahindi hazina maana siku hizi.

Si ni wewe, Desemba iliyopita, uliyekaa juu ya gunia tukipukuchua, mimi na tumbo langu kubwa, ukanifundisha neno la Kiingereza, physiocracy? Ulisema Wafaransa waliliunga kwa Kigiriki, Waingereza wakalichukua. Mwanzo wake ni asili, yaani kile kinachoota na kuzaliwa, na mwisho wake ni nguvu ya kutawala. Kwamba hao watu wa uchumi waliamini asili ndiyo inayotawala, na udongo peke yake ndio unaozaa mali. Sisi wengine tunageuzageuza tu. Jirani yangu Mama Chelimo akakuuliza kama neno refu hivyo linaweza kusonga ugali. Ulicheka mpaka ukaanguka kutoka kwa gunia. Mimi nililiandika nyuma ya kitabu changu cha kliniki.

Kitabu hicho kiko hapa mbele yangu. Kurasa za chanjo zimejazwa mpaka mwezi wa sita, halafu basi.

Kituyi, kila ulipopiga simu nikakwambia mtoto wangu mchanga Nekesa hajambo, nilikudanganya. Nimonia ilimchukua Juni. Ulikuwa na mitihani, na baadaye nikakosa pa kuanzia. Baba yake alisema kwao hakuna nafasi ya kumzika. Hapa napanga chumba kimoja, ningempeleka wapi? Tulimbeba mimi na Mama Chelimo hadi Soy. Yeye ndiye aliyechimba. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Sasa yamekauka, nimevuna yote isipokuwa ya hapo.

Sitaweka sahihi. Usinitumie watu wa kunibembeleza. Uliniambia udongo ndio unaozaa. Hukuniambia mtu afanye nini akishaupa mtoto wake.

Mwambie mnunuzi asije. Jumamosi njoo wewe, nitakuonyesha mahali.

Wakoli anasema umletee mkate. Ujifunike vizuri njiani.

Dada yako akupendaye,
Nasambu