Kano la Paja la Baba Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: hujulikana kama Mama Maswali
Umri: miaka 43
Kazi: mweka misimbo ya magonjwa, hospitali ya rufaa
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya maabara

Afande, mimi si daktari. Kazi yangu ni kuugeuza ugonjwa kuwa msimbo, yaani herufi na namba, ili atakayesoma ajue mtu kaumia wapi, upande upi, na kwa sababu gani.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, saa tatu asubuhi, nilipokea faili la mzee mmoja, fundi cherehani. Kano la paja la kulia, ule mshipa mgumu unaoshikiza msuli wa paja kwenye goti, lilikuwa limekatika juu kidogo ya pia ya goti, na lilikuwa limeshaunganishwa kwa upasuaji. Sababu: amepigwa nondo na mkwewe. Mkwe huyo ndiye aliyembeba mgongoni hadi mapokezi, na hapohapo mkamkamata.

Nikashangaa. Nondo ipige goti, na faili lisitaje hata mchubuko wa ngozi? Nilimfuata daktari wa mifupa. Akacheka, "Na wewe kwa kuchimba!" Akanieleza kwamba mzee alishindwa kuinua mguu ukiwa umenyooka, na alipompapasa, kidole kilizama kwenye shimo juu ya goti.

"Mara nyingi hukatika mtu akijizuia asianguke, goti limekunjika. Ila mimi sikuwepo. Kamuulize mwenyewe."

Kama kuna mtu wa kuambiwa hivyo mara mbili, si mimi. Saa tano nilikuwa wodini. Mzee alikuwa na binti yake, mke wa mtuhumiwa. Nikajitambulisha.

"Pole, baba. Ulikuwa umesimamaje?"

"Ngazini. Nikamrushia teke la kushoto, hivi!" Akalirusha kweli, kitanda kikalia. "Akakwepa, mshenzi yule! Mguu wa kulia ukanikunjikia, nikasikia pa!"

"Na nondo?"

Binti akauliza, "Baba, nondo ilikuwa wapi?"

"Alinijibu mbele ya watu. Mwacheni akae ndani kidogo, ashike adabu."

Roho iliniuma kwa ajili ya yule binti. Akasema polepole, "Daktari kasema mguu usikunjwe wiki sita. Nani atakubeba kwenda chooni, baba? Mimi sikuwezi. Anayekuweza umemfunga."

Mzee akageukia ukutani. Nikaweka msimbo wa jeraha la kuanguka ngazini, nikaomba ruhusa kwa mganga mkuu, nikaja kwenu.

Ninayoyajua yameishia hapa. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.

Saini ya shahidi: ……………

Maelezo ya askari mwandishi: Nimemfuata mlalamikaji wodini saa tisa alasiri. Amefuta dai la nondo. Kisha ameuliza kama mkwewe amekula, akaniomba nisimwambie kwamba aliuliza. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja jioni. Nimemwambia.