Mbona Ina Joto?

Shoga, weka chini hicho chakula usije ukapaliwa 😂😂

Shangazi kamuumbua muuza misumeno ya mashine! Dukani, watu wanaona!

Si unalijua bega lake tangu aanguke? Fundi mzima wa kukata miti, lakini kila asubuhi anambembeleza shemeji yake amvutie kamba mashine iwake. Na maringo ya yule shemeji! Leo kaapa anapata mashine ya kuiwasha mwenyewe, la sivyo anaacha kazi.

Muuzaji kumwona tu, kacheka. "Mama, hizi za wanaume."

ZA WANAUME!

Shangazi kataka inayowaka kirahisi; jamaa kavuta kamba ya moja kubwa mara moja, ikanguruma. "Umeona? Hata mtoto anaiwasha." Akaizima papo hapo.

Shangazi kaigusa. "Mbona ina joto?"

Jamaa akajifanya anafuta vumbi kaunta.

"Nakuuliza baba, mbona ina joto? Umeiwasha kabla sijafika, eti? Ikishapata moto, ipi isiyowaka? Nitolee iliyolala baridi."

Akatoa nyingine kama ileile. Akavuta. Akavuta. Mara kumi na nne, nimehesabu! Jasho linamtoka, kofia chini, mashine haijali.

Shangazi akaokota ndogo moja pembeni, ambayo jamaa alikuwa ameidharau eti ya kukatia maua. Baridi kabisa. Mkono uleule mbovu, mara ya pili tu: NGUUUURRR!

Bwana wa mashine za wanaume kakaa juu ya ndoo, anajikanda bega 😭

Shangazi huku analipa: "Pole baba. Nina shemeji yangu hodari wa kuvuta kamba, nikuazime? Mimi simhitaji tena."